Uwanja Uliomponya Shomvi

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Haimo kwenye ramani, haina ubalozi, na msomaji atakayedhani ameitambua ajue kwamba kasoro iko kwenye macho yake. Ilikuwa nchi njema, yenye katiba ya jalada gumu na uwanja mmoja wa gofu uliokuwa na majani mabichi kuliko mashamba yote ya mikoani, maana ulimwagiliwa hata siku zile ambazo wagonjwa wa hospitali kuu waliambiwa wavumilie, maji yamekatika.

Mambo yalianza pale Mtukufu Kiongozi aliporudi kutoka ziara ya ng'ambo. Huko, katika kutembezwa huku na kule, alimwona mzee mmoja asiye na miguu akicheza gofu juu ya kiti cha magurudumu, na watu wakampigia makofi marefu. Makofi yale yalimkaa Mtukufu rohoni. Yeye alikuwa na miguu yote miwili, aliitumia vizuri tu, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi namna ile bila kuamriwa. Aliposhuka kwenye ndege, kabla hata shada la maua halijamfika shingoni, alitangaza kwamba nchi yake itakuwa ya kwanza barani kuwakaribisha watu wenye ulemavu kwenye uwanja wa gofu, na kwamba wakaribishwe haraka.

Agizo likamshukia Waziri wa Michezo na Tabasamu, Mheshimiwa Dokta Ligola. Maagizo katika nchi ile yalikuwa mazito, kwa hiyo hili liliendelea kushuka ngazi baada ya ngazi mpaka likamkuta mtu asiyekuwa na wa kumshushia. Huyo alikuwa Bwana Shomvi Mkwayu, Naibu Mkurugenzi wa Makaribisho.

Shomvi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na moyo laini uliowahi kuuma, ila uliuma kimya kimya, wala haukuwahi kumchelewesha kazini. Agizo hili alilipenda kwa dhati. Alivunjisha ngazi za mlango mkuu wa klabu na mahali pake akajenga njia ya mteremko, pana na laini, ambayo kiti cha magurudumu kingeweza kuipanda bila mwenyewe kuomba msaada wa mtu. Alisimama juani akilinda saruji isitoroke. Mteremko ule ulikuwa kazi safi, na ni haki yake kusemwa hivyo, maana hakuna kingine katika habari hii atakachosifiwa.

Mengine yalifanywa na kamati. Kamati ilitundika vibao vya maandishi ya nukta kwa ajili ya wasioona, ikavitundika juu kabisa ya nguzo ili visichezewe. Ikaajiri mkalimani wa lugha ya alama, ikampangia nafasi nyuma ya pazia, kwa kuwa itifaki haimruhusu mtu yeyote kurusharusha mikono mbele ya Mtukufu. Ikajenga choo chenye mlango mpana sana, kisha ikakifunga kwa kufuli kisije kikachafuliwa na watumiaji.

*

Sasa, Shomvi alikuwa na shemeji, mdogo wa mkewe, aitwaye Mwanakheri. Polio ilimchukua miguu akiwa bado ananyonya. Nyumba yake iliegemea ukuta wa uwanja ule ule wa gofu, upande wa nje, na kwa miaka mingi mipira ya wakubwa ilikuwa ikivuka ukuta na kumwangukia juu ya bati, mara kwenye sufuria la uji, mara kwenye nguo alizoanika. Kila ulipoanguka mmoja, sauti ilisikika kutoka upande wa pili: "Wee mama! Tupa mpira!" Naye akiurusha, mkono ukimchoka.

Siku moja mkubwa fulani alishindwa mchezo, akakasirika, akaitupa fimbo yake nje ya ukuta. Ilikuwa imepinda. Jirani yake Mwanakheri, fundi Chande, mchomeleaji wa mageti, akainyoosha. Mambo hayakuishia hapo. Chande alimtengenezea kiti chenye matairi ya pikipiki, mkanda wa usalama uliotoka kwenye lori bovu, na mpini ambao ukiusukuma unanyanyua kikalio mpaka mtu anakuwa karibu amesimama. Tangu siku hiyo Mwanakheri hakutupa tena mpira. Aliupiga. Mipira ikaanza kurudi uwanjani kwa kasi kuliko ilivyotoka, Katibu Mkuu mmoja akalazimika kulala chini na suti yake, na klabu ikaongeza urefu wa ukuta. Mwanakheri naye akajifunza kupiga juu zaidi.

Huyo ndiye ambaye Shomvi alimwendea mteremko ulipokauka.

"Shemeji, njoo ucheze," akamwambia.

"Nicheze wapi tena? Mbona hapa nacheza kila siku?"

"Ndani. Upande wa pili."

Mwanakheri akaacha kuchambua mchele. "Shemeji, nitanie kwa mengine yote. Hilo usinitanie."

"Sikutanii. Saruji nimeisimamia mwenyewe."

"Nyie watu wa serikali, kipi msichokisimamia?" Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Unajua ninachokitaka kule? Mimi nikipiga, mpira unavuka ukuta, basi, yameisha. Sijawahi kuona unapoangukia. Hapa kwangu ni vumbi, ukianguka unakufa pale pale. Lakini nasikia kule penye bendera majani yamekatwa chini kabisa, mpira unakimbia wenyewe. Nataka niuone mpira wangu ukikimbia. Mmoja tu. Kombe wapeane wenyewe."

"Utauona," Shomvi akasema, na siku hiyo alikuwa anasema kweli.

*

Kikao cha mwisho cha maandalizi kilifanyika kwenye ghorofa ya juu ya wizara, ambako watu wenye ulemavu wasingeweza kukisumbua. Kila kitu kilikuwa tayari. Ndipo ofisa wa usalama alipouliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, yaani nani hasa atakayecheza.

"Watu wenye ulemavu," akasema Shomvi.

"Wepi?"

"Yupo mmoja, shemeji yangu, hodari kweli kweli."

"Ndiyo wasiwasi wangu," ofisa akasema. "Akipiga vizuri kuliko Mtukufu, nani atajibu?"

Hapa msomaji mgeni inafaa aelezwe desturi ya nchi ile, maana asipoelezwa anaweza kuwadhania watu vibaya. Kwao, kila mnyonge aliwakilishwa. Siku ya Wakulima, nishani ya mkulima bora ilivaliwa na Waziri wa Kilimo. Siku ya Wajawazito, aliyepokea vitenge na beseni alikuwa Mkuu wa Majeshi. Siku ya Yatima, Waziri wa Fedha aliwawakilisha yatima, akalia vizuri sana, na wazazi wake wote wawili, waliokuwa wameketi mstari wa mbele, wakajivunia mtoto wao. Wala haikuwa dhihaka. Waliamini kabisa kwamba mnyonge akija mwenyewe kwenye siku yake anaweza kuiharibu.

"Basi jambo liko wazi," akasema Waziri Ligola. "Bwana Shomvi atawawakilisha. Ana uchungu nao. Mtu ana hata shemeji!"

Wajumbe wakapiga meza kumpongeza. Shomvi akafungua kinywa akatae. Neno lilikuwa tayari limeshafika kwenye ulimi. Kisha akakumbuka kwamba kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi, na kwamba Waziri alikuwa akimtazama kwa upendo, na kinywa kile kile kikatoa, "Nashukuru kwa heshima hii, Mheshimiwa."

Likabaki suala la kiti cha magurudumu. Viti vilivyoagizwa na wizara vilikuwa bado bandarini, vikisubiri kibali cha wizara hiyo hiyo.

"Kwani huyo shemeji yako hana kiti?" Waziri akauliza.

*

Asubuhi ya sherehe Shomvi alimkuta Mwanakheri ameshajiandaa. Blauzi nyeupe imepigwa pasi, kofia nyeupe kichwani, fimbo ameisugua kwa majivu hadi inang'aa. Nyuma ya Shomvi walisimama vijana wawili wa itifaki.

"Kiti kinatangulia, shemeji," alisema, macho yake yakiwa kwenye bawaba za mlango. "Mafundi wanataka kukikagua. Mambo ya usalama. Gari litarudi kukufuata."

"Sasa si wanikague nikiwa juu yake?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo."

Mwanakheri alimtazama kidogo, kisha akakubali, kwa sababu Shomvi alikuwa mume wa dada yake na alikuwa amesimamia saruji mwenyewe. Vijana wakamnyanyua wakamweka kwenye mkeka karibu na ukuta, fimbo mapajani. "Huo mkanda mwambie fundi aukaze," akasema kwa nyuma. "Una tabia ya kuachia."

Shomvi alijua, pale pale, kwamba anaiba. Hakulipamba jambo hilo moyoni wala hakulitafutia jina lingine. Alijua, akaingia garini, akamwambia dereva, "Twende."

*

Sherehe ilifana. Bendi ilipiga, zulia jekundu lilitandikwa juu ya mteremko, na wakubwa wote wakaupanda kwa miguu yao, polepole, wakisifu jinsi ulivyo mwepesi kwa magoti. Vipaza sauti vilielekezwa pande zote ili hata waliobaki nje ya ukuta wakaribishwe kwa masikio.

"Ndugu wananchi!" akanguruma Waziri Ligola. "Kwa muda mrefu ulemavu umeachwa mikononi mwa walemavu peke yao. Wameuhodhi! Leo, chini ya uongozi wa Mtukufu, serikali inaupokea rasmi ulemavu huu na kuufanya kuwa mafanikio!"

Shomvi aliketi juu ya kiti cha Mwanakheri, mkanda kiunoni, na mapajani amefunikwa shuka la rangi za taifa, kwa sababu mtu wa itifaki alisema magoti yake yanaonekana mazima mno. Kiti kilinuka sabuni ya mche. Mwanakheri alikuwa amekiosha.

Akaletewa mpira. Akapiga, akaukosa, pande la majani likaruka likatua kwenye kofia ya Mkuu wa Polisi. Makofi. Akapiga tena, mpira ukageuka upande. Makofi zaidi. Hapo ofisa wa itifaki akauokota kwa heshima, akatembea nao hadi kwenye bendera, akainama, akautumbukiza shimoni.

"Moja kwa moja hadi shimoni!" mshereheshaji akatangaza. "Bingwa wetu, Bwana Shomvi Mkwayu, juu ya kiti chake! Narudia, juu ya kiti chake!"

Vipaza sauti vikayabeba maneno hayo vikayavusha ukuta. Shomvi akayasikia yakienda. Akakabidhiwa kombe, akalishika, na kombe lilikuwa kubwa kiasi cha kumficha uso, akamshukuru Mungu kwa hilo.

Ndipo mpira mwingine ukaja.

Ulitokea nyuma ya ukuta, juu kabisa, ukakaa hewani mpaka watu wakapata nafasi ya kunyooshea vidole, kisha ukaanza kushuka. Walinzi wakamlalia Mtukufu. Mkuu wa Polisi akalala mwenyewe. Mpira ukaangukia kwenye majani mafupi, karibu na bendera, na uwanja mzima, mabalozi, bendi, wapishi, wakaukodolea macho kuona utafanya nini. Aliyekuwa hautazami ni mmoja tu. Shomvi alikuwa ameinamisha uso kwenye shuka, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika nchi ile aliyeweza kuupiga mpira ule. Aibu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakaziba. Alipoinua macho tena, ofisa wa usalama alikuwa ameshaubana kwa koleo na kuuzamisha ndani ya ndoo ya maji.

Shomvi akafungua mkanda. Akaliweka kombe chini. Alichotaka kusema kilikuwa kifupi: kiti si changu, mwenyewe yuko nyuma ya ukuta. Ili akiseme vizuri, akasimama.

Mwakilishi wa watu wenye ulemavu amesimama kwa miguu yake, mbele ya mabalozi na kamera, na kila ofisa aliyekuwepo akaiona kazi yake ikiondoka.

"Kiti," Shomvi akaanza kwenye kipaza sauti.

"Kiti hakihitaji tena!" Waziri Ligola akamdakia, maana katika nchi ile waziri mwenye ulimi mzito hakumaliza mwaka. "Amesimama! Ndugu wananchi, amesimama! Uwanja wa Mtukufu umemponya!"

Bendi ikalipuka. Kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Mtukufu akatoka chini ya walinzi wake, akauliza kumetokea nini, akaelezwa kwamba majani yake yamemponya mtu, akasema yeye alilihisi hilo tangu mwanzo. Watu wakampigia makofi marefu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyewaamuru. Mtukufu akafuta chozi. Shomvi alisimama katikati ya furaha ile, kinywa wazi, lile neno lililobaki likiwa bado kooni, na hakulitoa.

*

Serikali haikupoteza muda. Ilionekana kwamba uwanja unaoponya haupaswi kuwa na njia ya mteremko, kwani mteremko ni dalili ya kukosa imani. Ukavunjwa. Ngazi zikarudi, safari hii za marumaru. Watu wenye ulemavu wakaletwa kutoka wilayani kuja kuponywa, na ambao hawakusimama wakaandikwa kuwa wakaidi. Mzee mmoja alinyang'anywa magongo yake kuwa ushahidi wa kupona, akaachwa ameshikilia uzio, na kwa kuwa alikuwa wima, akahesabiwa.

Shomvi akapandishwa cheo, akawa Mkurugenzi wa Uponyaji. Kila alipopita watu walimtazama miguuni. Kiti chenye matairi ya pikipiki kikapelekwa Jumba la Makumbusho, kikawekwa ndani ya kioo, na chini yake pakaandikwa: Kiti Alichokiacha Aliyeponywa.

"Mdogo wangu anatambaa," mkewe alimwambia, huku akimpakulia wali.

Akaenda kwa Waziri.

"Mheshimiwa, naomba kile kiti kirudishwe."

"Kirudishwe kwa nani? Wewe si umepona?"

"Si changu, Mheshimiwa."

Waziri Ligola akaweka kalamu chini, taratibu. "Bwana Shomvi. Kama kiti si chako, basi hukuwa mlemavu. Kama hukuwa mlemavu, hukuponywa. Kama hukuponywa, Mtukufu alilia bure. Sasa niambie, ni cha nani?"

Dirishani ulionekana uwanja wa gofu, na mwisho wa uwanja ukuta, na juu ya ukuta kipande cha bati. Shomvi alikiona kile kipande cha bati vizuri kabisa.

"Ni cha serikali, Mheshimiwa," akasema.

*

Alichelewa sana kwenda kwa Mwanakheri. Alipokwenda, alikwenda na kombe, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpelekea. Alimkuta kwenye mkeka ule ule, chini ya ukuta, na viganja vyake vimeota sugu za kutambalia.

"Karibu, shemeji," akasema. "Nasikia umepona."

Shomvi akakaa vumbini na suruali yake ya ukurugenzi. "Mwanakheri, nimekukosea. Kiti nilikiiba. Nikasimama niseme, nikanyamaza. Nikaulizwa tena ofisini, nikanyamaza tena. Sina cha kujitetea."

"Najua. Vipaza sauti vyenu vilielekezwa huku." Akalisogeza kombe pembeni, akaliweka pamoja na masufuria. "Ya kiti tutayazungumza siku nyingine, leo nitakutukana bure. Niambie kwanza kitu kimoja. Siku ile nilipiga mpira. Nilikalia ndoo, Chande amenishika kiuno. Nilipiga kwa hasira, lakini nilipiga vizuri, niliusikia. Ulifika?"

"Ulifika. Ulifika mpaka penye bendera."

Uso wa Mwanakheri ukafunguka wote. "Sasa ulipogusa yale majani? Ulikimbia?"

Shomvi angeweza kudanganya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa amepandishwa cheo kwa kuifanya vizuri. Lakini alimwona jinsi alivyoinama mbele kusikiliza, akashindwa.

"Sijui," akasema. "Watu wote waliuangalia. Mimi niliinamisha uso."

Mwanakheri akarudi nyuma, akaegemea ukuta.

"Watu wote wale," akasema, "na aliyekuwa ananifahamu ni wewe peke yako."

Shomvi alitamani amtukane. Alitamani ampige hata kwa ile fimbo. Mwanakheri hakufanya hata kimoja, akaendelea kutazama uwanja wake wa vumbi.

Bati likalia. Mpira ukateleza kutoka juu ya paa, ukaanguka kati yao, ukafa pale pale. Ng'ambo ya ukuta mtu akaita kwa sauti ya raha: "Wee mama! Tupa mpira!"

Mwanakheri akautazama mpira, akaitazama fimbo iliyoegemea ukutani, akamgeukia shemeji yake.

"Mpelekee," akasema. "Wewe ndiye uliyepona."

Shomvi akauokota. Akauzunguka ukuta hadi kwenye lango kuu, ambako askari alimpigia saluti na kumtazama miguuni kwa heshima. Mbele yake zilikuwa zile ngazi mpya za marumaru. Akazipanda moja moja, mpira mkononi, na miguu yake haikumsumbua hata kidogo.